Sainobakteria na metali nzito kwenye majitaka: maswali ninayoulizwa kila wiki

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Mimi nafuga spirulina, aina mojawapo ya sainobakteria, siyo ya kula, ya kufanyia majaribio ya kusafisha majitaka, na kila nikimwambia mtu hivyo napigwa maswali yale yale, ya watu wa viwanda vya ngozi, ya wachenjuaji wa dhahabu, ya wanafunzi wanaotafuta mada ya projekti wiki mbili kabla ya kukabidhi. Nimeyaweka yote hapa. Sijayapanga kwa ufundi wowote, na kuna majibu marefu na mafupi, inategemea swali lina nyama kiasi gani.

Hivi sainobakteria ni mwani au ni bakteria?

Ni bakteria. Watu wamezoea kuwaita mwani wa kijani-buluu na jina limeganda, ila seli zao hazina kiini, tofauti na za mimea, ni bakteria kamili waliojaliwa kitu kimoja, wanatumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula halafu wanatoa oksijeni. Na ni wazee hawa, oksijeni ilianza kujaa hewani miaka kama bilioni 2.4 iliyopita na kazi hiyo waliifanya wao. Ukitaka kuwaona bila hadubini nenda Ziwa Nakuru au Bogoria au Natron kipindi maji yamekuwa ya kijani mazito kama mlenda, hapo unaangalia Arthrospira, ndo hiyo tunayoiita spirulina, na wale heroe wadogo wanaojazana pale wanaifuata hiyo hiyo, hata uwaridi wa manyoya yao unatokana na rangi iliyomo kwenye chakula hicho.

Kwa hiyo ndo huu mwani wanaolima akina mama Zanzibar?

Hapana kabisa. Ule wa Paje na Jambiani ni mwani mwekundu wa baharini, unatoa karajinani inayoenda kwenye dawa ya meno na vyakula. Ukoo mwingine. Ila mwani wa baharini nao unanasa metali, hasa ule wa kahawia, kwa hiyo aliyeuliza hakuwa mbali sana.

Sainobakteria na sainaidi, si kitu kimoja?

Hili nililipata kwa jamaa wa Geita na nilicheka kwanza halafu nikaona ana haki ya kuuliza, maana kule sainaidi ni kitu cha kila siku kwenye uchenjuaji. Jibu ni kwamba wamechangia jina tu. Yote mawili yanatoka neno la Kigiriki lenye maana ya buluu, bakteria kwa sababu ya rangi yao, na sainaidi kwa sababu mara ya kwanza ilipatikana kutoka kwenye rangi ya buluu ya wachoraji. Spirulina haikutengenezei sainaidi. Kuna sainobakteria wengine wana sumu, tena kali, nitafika huko chini, ila ni sumu nyingine.

Metali nzito ni zipi, na huku kwetu zinatoka wapi?

Tunazozisumbukia ni risasi, zebaki, kadimi, kromi, nikeli, shaba, zinki, na arseniki ambayo wakemia watakwambia siyo metali kamili lakini inaingizwa kundini kwa tabia mbaya. Shaba na zinki mwili unazihitaji kidogo, risasi na zebaki mwili hauna kazi nazo hata chembe.

Risasi kwetu ni betri za magari. Anayetaka kujua risasi inafanya nini kwa watu asome habari ya Owino Uhuru pale Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi karibu na nyumba za watu kuanzia 2007 hadi 2014, watoto wakapimwa wakakutwa na risasi kwenye damu, Phyllis Omido akapigania mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kromi ni viwanda vya ngozi na wale wanaopaka vyuma ving'ae. Zebaki ni dhahabu ya wachimbaji wadogo. Shaba na kobalti ni ndugu zetu wa Kongo, Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, kule mto unaweza kupita kando ya kiwanda ukatoka na rangi nyingine.

Viwango vya maji ya kunywa vya WHO vinakupa picha ya ukali wenyewe: risasi mikrogramu 10 kwa lita, arseniki 10, zebaki 6, kadimi 3, kromi 50. Mikrogramu 3 ni kiasi ambacho hata ukimwagiwa kwenye kiganja hukioni. Ndo maana haya mambo hayapimwi kwa macho wala kwa kuonja, maji yanaweza kuwa meupe pee na yana kadimi.

Wanazishikaje hizo metali?

Hapa pana utamu wenyewe kwa hiyo nivumilie.

Njia ya kwanza ni ya nje. Ukuta wa seli ya sainobakteria, pamoja na ule ute unaouzunguka (ukishika Nostoc, sainobakteria mwingine, mkononi utajua ute ni nini, unateleza kama bamia), umejaa vikundi vya kikemia vyenye chaji hasi, kaboksili, fosfeti, vingine vyenye salfa. Metali nyingi zikiwa ndani ya maji zinakuwa na chaji chanya. Chanya na hasi zinavutana, metali inakuja inanata, na mara nyingi inamfukuza kalsiamu au sodiamu aliyekuwa amekaa pale kabla yake. Hakuna uhai unaohitajika hapo, ni kama vumbi kunata kwenye ukuta wa rangi mbichi. Na inaenda haraka, dakika chache mpaka saa moja sehemu kubwa imeshanata.

Njia ya pili ni ya ndani na hiyo inahitaji seli iliyo hai. Metali inapita kwenye milango ile ile ambayo seli inaingizia madini yake ya kawaida, kadimi kwa mfano inajifanya zinki, ikishaingia ndani seli inashtuka na kuanza kujitetea. Synechococcus, naye ni sainobakteria, ana protini ndogo yenye salfa nyingi inayokumbatia zinki na kadimi zisilete fujo, wengine wanazifungia kwenye vipunje vya fosfeti. Hii ni ya polepole, masaa mpaka siku, na ina kikomo, sumu ikizidi seli inakufa.

Watu wengi wanadhani ile njia ya pili ndo muhimu kwa sababu inasikika ya kisayansi zaidi. Kwa kazi ya kusafisha maji, ya kwanza ndo inabeba mzigo.

Sasa nitumie walio hai au waliokufa?

Mimi napendelea waliokufa, na najua kuna watu watanuna.

Walio hai wana raha yao, wanajizalisha wenyewe, wanakula naitrojeni na fosfeti zilizopo kwenye majitaka hayo hayo, kwenye bwawa la kawaida la majitaka wapo tayari hata kama hukuwaalika. Lakini uwape maji ya kiwanda yenye shaba nyingi watakufa, na usishangae, salfeti ya shaba ndo dawa ambayo watu wa mabwawa ya maji wanaitumia kuwaua sainobakteria hao hao! Yaani unamtuma mtu akamate mwizi na mwizi ana panga.

Aliyekufa na kukaushwa hana wasiwasi wa sumu, hali, hahitaji jua, unamweka kwenye gunia mwaka mzima, unamtumia siku kiwanda kinapotoa maji. Ukuta wake bado una vile vikundi vya kunasa. Wakati mwingine ananasa kuliko aliye hai kwa sababu seli imepasuka na sehemu za ndani nazo zimefunguka. Kwa hiyo mpango unaoeleweka ni kufuga pembeni kwenye maji safi, kuvuna, kukausha, halafu unga ndo unaenda kazini.

Nimesoma inaondoa asilimia 99, ni kweli?

Inaweza kuwa kweli na bado isikusaidie chochote. Asilimia 99 ya nini, kwenye maji gani? Majaribio mengi yanafanywa kwenye maji yaliyochujwa ya maabara yenye metali moja tu iliyopimwa vizuri. Majitaka halisi yana chumvi, mafuta, sabuni, kalsiamu, magnesiamu, na metali nne tano zinazogombania viti vile vile. Risasi huwa ina ubavu, inawasukuma kadimi na nikeli pembeni. Kwa hiyo unga ulionasa risasi vizuri sana peke yake ukiupeleka kwenye mchanganyiko unaweza kukuta nikeli inapita inakupungia mkono.

Halafu kuna mtego ambao mimi mwenyewe niliingia mzimamzima. Jaribio langu la kwanza nilitia risasi kwenye ndoo ya spirulina hai, kesho yake nikachuja nikapeleka maji kupimwa, risasi karibu yote haipo. Nikafurahi, nikampigia mwalimu wangu usiku. Akaniuliza swali moja tu, "chupa isiyo na spirulina ilisomaje?" Sikuwa nayo. Nikarudia, safari hii na ndoo ya pembeni yenye maji yale yale ya kufugia bila spirulina hata moja, na risasi ikapotea vile vile, maana spirulina inafugwa kwenye maji yenye magadi, pH (kipimo cha asidi na magadi, 7 ndo katikati) ya 9 au 10, kabonati tele, na kwenye maji ya hivyo risasi inajigeuza yenyewe kuwa unga mweupe unazama chini. Spirulina yangu ilikuwa inatazama tu. Tangu siku hiyo nikisoma matokeo ya mtu naangalia kwanza kama kuna chupa ya kulinganishia, kama haipo nafunga.

Mtego wa pili ni binamu yake. Wengine wanafungia unga kwenye vidonge vya aljineti, jeli inayotoka kwenye mwani wa kahawia, ili usitawanyike, ni wazo zuri sana, lakini aljineti yenyewe inanasa metali. Tengeneza vidonge vitupu pia uvipime, usije ukamsifia spirulina kwa kazi ya jirani.

pH iwe ngapi?

Kwa risasi, kadimi, shaba, nikeli na zinki, kaa kwenye 5 hivi, kati ya 4 na 6. Ukishuka sana asidi inakuwa nyingi na haidrojeni zinakalia viti vyote. Ukipanda sana metali inazama yenyewe kama risasi yangu.

Kromi ni mkaidi wa familia. Ile kromi ya sita, ya kwenye upakaji wa vyuma, haitembei na chaji chanya, inakuja kama kromati yenye chaji hasi, kwa hiyo ukuta wenye chaji hasi unaikataa. Hiyo inataka asidi kali, pH ya 2 hivi, ukuta ugeuke chanya, na pale pale unga unaibadilisha kuwa kromi ya tatu ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Vizuri, ila fikiria bili ya asidi ya kushusha tangi zima mpaka 2 halafu chokaa ya kulipandisha tena kabla hujalimwaga.

Nina kiwanda kidogo cha ngozi, itanitosha?

Tupige hesabu pamoja badala ya kubishana. Sema unatoa lita 10,000 kwa siku na zina kromi miligramu 5 kwa lita. Hiyo ni gramu 50 za kromi kila siku. Unga mzuri kwenye maji machafu ya kweli, tuseme unakamata miligramu 20 kwa gramu moja (maabara utaona namba kubwa zaidi, usizipangie bajeti). Gramu 50 gawanya kwa hiyo, unahitaji kilo 2.5 za unga mkavu kila siku. Bwawa la spirulina la wazi likitunzwa vizuri linakupa kama gramu 8 kavu kwa mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo unataka mita za mraba zaidi ya 300, karibu viwanja viwili vya voliboli. Ukiweza kuusafisha unga na kuutumia mara tano unashuka mpaka mita 60 na kitu. Inawezekana.

Sasa chukua yale maji ya tangi la kromi lenyewe, yaliyobaki baada ya kutoa ngozi, ambayo yanaweza kuwa na kromi gramu 3 kwa lita. Lita 1,000 tu ni kilo 3 za kromi, kilo 150 za unga kwa tangi moja. Huo ni wazimu. Hayo maji yatenge kwenye bomba lake, tia oksidi ya magnesiamu au chokaa, kromi izame, uichukue uirudishe kwenye ngozi nyingine kwa sababu ulinunua kwa hela yako. Sainobakteria mlete mwishoni kung'arisha kile kidogo kilichokataa kuzama. Hapo ndipo chokaa inapokwama, kwenye miligramu chache za mwisho, na hapo ndipo unga unapokuwa na maana.

Na kama mtu anataka kukuuzia mtambo wa kibayolojia wa kupokea maji yote ya kiwanda kwa pamoja, chumvi, nywele, salfaidi na kromi ndani ya shimo moja, mpe chai umsindikize.

Na zebaki ya dhahabu?

Mtanisamehe lakini sehemu kubwa ya zebaki ya mchimbaji mdogo haipiti kwenye maji kwanza, inapita hewani pale mtu anapochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki kwenye sufuria au koleo, mara nyingine jikoni kwake na watoto wapo. Hakuna sainobakteria atakayekusaidia hapo, kinachosaidia ni kifaa cha kufungia mvuke ugande urudi kwenye chupa, au kuacha zebaki kabisa.

Inayobaki kwenye mialo (pale wanapooshea mchanga wa dhahabu) na kwenye marudio (mchanga unaobaki baada ya kuchenjua) ndo hiyo inaweza kuongelewa. Unga wa sainobakteria unanasa zebaki ya kwenye maji vizuri, zebaki inapenda sana salfa. Ila walio hai, baadhi yao wanaigeuza zebaki kuwa mvuke na kuiachia juu, kwa hiyo ukipima maji unaona imepungua unashangilia kumbe umeipeleka puani kwa jirani. Pia maji ya kuoshea yana tope jingi, lazima litulie kwanza kwenye mashimo mawili matatu, vinginevyo unga wako utazibwa siku ya kwanza.

Ziwani kwetu kuna ukoga wa kijani bure kabisa, si nichote huo?

Usichote. Nalijibu hili kwa ukali kwa sababu nimeshaona mtu amejaza madumu. Ukoga wa kijani unaoelea Ghuba ya Winam kule Kisumu na kwenye ghuba za upande wa Mwanza mara nyingi una Microcystis, na huyo anatengeneza sumu ya ini inayoitwa maikrosistini. Kuchemsha hakuiondoi, tena kuchemsha kunapasua seli sumu inatoka yote. Mwaka 1996 kule Caruaru, Brazili, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walikufa baada ya maji ya mashine ya kusafishia damu kuingiliwa na sumu hii. Kweli kuna watafiti wamejaribu kumtumia Microcystis kunasa metali na ananasa, lakini wana glavu, barakoa na maabara. Wewe una dumu na shati la mikono mifupi.

Anza na spirulina iliyotoka kwa mfugaji unayemwamini. Inapenda maji ya magadi yenye pH kubwa ambako wadudu wengine wengi hawawezi kuishi, ni ndefu kama uzi kwa hiyo unavuna kwa kitambaa cha kuchujia tu bila mashine, na joto la nyuzi 30 hadi 35 ambalo sisi tunalilalamikia yenyewe inalitaka.

Ikishanasa, metali inaenda wapi?

Swali hili karibu hakuna anayeniuliza, nimelitia mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi inapofia na watu wanaogopa kusema. Metali haiozi. Mafuta yanaoza, dawa za wadudu nyingi zinavunjika, kinyesi kinakuwa udongo, lakini risasi itabaki risasi hata wajukuu wako wakizeeka. Sainobakteria hawajaila, wameihamisha kutoka kwenye maji mengi kwenda kwenye unga kidogo. Ulikuwa na lita 10,000 zenye sumu kidogo kidogo, sasa una ndoo yenye sumu nyingi. Ni hatua nzuri sana, ndoo ni rahisi kuilinda kuliko mto, ila lazima ujue ndoo inaenda wapi kabla hujaanza.

Njia ya kwanza ni kuiosha. Asidi ya haidrokloriki au ya nitriki nyepesi, ile ya 0.1 molari, inaachanisha metali na unga, EDTA, kemikali inayokumbatia metali, pia inafanya. Unabaki na maji machache yenye metali nyingi unayoweza kuzamisha na kuuza au kuhifadhi, na unga unarudi kazini, japo kila ukioshwa unachoka kidogo, mwisho unakuwa kama kitambaa cha deki. Kwa shaba, nikeli na kobalti hii ina mantiki ya hela. Hata dhahabu, kuna sainobakteria aitwaye Plectonema boryanum aliyefanyiwa majaribio akaigeuza dhahabu iliyoyeyuka kwenye maji kuwa vipande vidogo sana vya dhahabu halisi. Msinipigie simu, ni maabara, hakuna mtu ametajirika.

Njia ya pili ni kuufungia ndani ya saruji na kuupeleka dampo la taka hatarishi lenye kibali. Njia ya tatu ni tanuri, lakini siyo kwa zebaki, kadimi wala arseniki, hizo zinaruka na moshi, na tanuri ninalosema siyo pipa nyuma ya stoo.

Ambacho hakifanyiki kabisa ni kuuweka shambani kama mbolea. Nimewahi kuona andiko la mradi limeandika kwamba unga uliotumika utatumika tena kama mbolea ya mboga, nikalisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Yaani umetoa kadimi kwenye majitaka kwa jasho lako halafu unailisha mchicha.

Basi nikalishie kuku au samaki?

Soma jibu la juu. Hapana, na wala usiutie kwenye mtambo wa biogesi ambao tope lake linaenda shambani.

Kama inanasa metali hivyo, vidonge vya spirulina si vitanisafisha mwili?

Wauza vidonge wanapenda sana hii. Kunasa metali kwenye ndoo na kuitoa kwenye mfupa wa mtu ni vitu viwili tofauti. Kuna jaribio lilifanyika Bangladesh likachapishwa 2006, wagonjwa wa arseniki wakapewa spirulina pamoja na zinki na wakaonyesha nafuu, linavutia, lakini haliwi ruhusa ya kujitibu risasi kwa kijiko. Mtoto mwenye risasi kwenye damu ni wa hospitali, na wa kutolewa kwenye chanzo.

Tena geuza swali. Kwa sababu inanasa metali vizuri hivyo, spirulina ya kula iliyofugwa kwenye maji machafu inakuwa mfuko wa metali, na kuna bidhaa zimewahi kupimwa zikakutwa na risasi. Anayefuga ya kula asifuge ya majitaka bwawa la jirani, wala wasiazimane chujio.

Mbona viwanda havitumii kama ni nzuri hivyo?

Walijaribu. Miaka ya 1980 na 1990 Marekani kulikuwa na bidhaa kama AlgaSORB, mwani wa Chlorella uliofungwa ndani ya jeli ya silika, na BIO-FIX ya ofisi yao ya migodi, vipunje vya plastiki vyenye mwani na mboji ndani, vikajaribiwa kwenye maji ya migodini na vilifanya kazi. Soko halikuvikimbilia. Vipunje vya resini vya kiwandani, vile vya plastiki vinavyonasa metali, vinatoka kila kimoja sawa na mwenzake, mnunuzi anajua anachopata, wakati unga wa bakteria unabadilika na msimu, na jua, na mkono wa aliyekausha. Meneja wa kiwanda hataki habari ya msimu, anataka maji yapite kipimo Jumatatu.

Kwetu naona hesabu ni tofauti kidogo, resini inaagizwa kwa dola na jua tunalo. Lakini mpaka mtu aweze kuuza gunia la unga lililopimwa na kuandikwa linakamata kiasi gani, na gunia la mwezi ujao liwe hivyo hivyo, tutabaki kwenye mabango ya makongamano.

Nikapime wapi, na sampuli naibebaje?

Tanzania nenda Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kenya nako ofisi ya Mkemia wa Serikali ipo, na vyuo vikuu vingi vina mashine. Chupa ya plastiki iliyooshwa kwa asidi, siyo ya soda. Chuja kwanza kama unataka metali iliyoyeyuka tu, halafu tia matone ya asidi ya nitriki mpaka pH iwe chini ya 2, vinginevyo metali itanata kwenye kuta za chupa njiani na utaletewa majibu mazuri ya uongo. Ulizia bei mapema, kila metali inalipiwa peke yake, mwanafunzi mmoja alipeleka sampuli 40 za metali sita ndo akajua.

Mimi ni mwanafunzi, nianze na nini?

Metali moja, risasi au shaba, usiniletee tano. Unga mkavu wa spirulina, siyo hai. Chupa zenye miligramu 10, 20, 50 na 100 kwa lita, pH 5, gramu moja ya unga kwa lita, unatikisa saa mbili, unachuja, unapima. Kila kiwango na chupa yake isiyo na unga, nimeshaeleza kwa nini. Rudia mara tatu. Ukimaliza hapo, chota majitaka halisi kwa ruhusa ya mwenyewe, utie unga ule ule, uone namba zinavyoporomoka, na hiyo ndo sura ya ripoti yako itakayosomwa, msiifiche. Vaa glavu. Maji yaliyobaki usimwage kwenye sinki, yakusanye kwenye ndoo moja yenye mfuniko na uandike kwa maka pen kubwa kwamba ni risasi, yangu niliiacha bila kuandika nje ya mlango nikakuta dada wa jirani ameshaanza kuikokota aende kuloweka mapazia.